Mwandishi, mwongozaji, mwigizaji: ukihama Lubumbashi, kazi ipi itangulie?

Swali limetoka kwa msomaji wa komine (sehemu ya mji yenye utawala wake) ya Katuba, Lubumbashi. Ana miaka 34. Kwa miaka kumi ameandika michezo ya kuigiza, ameiongoza na kuicheza mwenyewe pamoja na kikundi cha watu tisa, kwa Kiswahili cha Lubumbashi kinachochanganyika na Kifaransa. Mume wake anafanya kazi Bruxelles, na karatasi za kumfuata zimekaribia kukamilika. Anatazamia kusafiri baada ya miezi minane. Anauliza: "Wenzangu wanasema kule nitaosha vyombo tu, michezo nisahau. Je, ninaweza kuendelea na kazi zangu zote tatu? Nitayarishe nini kabla ya kuondoka? Na ule mchezo mkubwa tulioutunga pamoja, nina haki ya kwenda nao?"

Jibu

Dada, kazi zote tatu zinaweza kuvuka, lakini hazivuki siku moja. Kalamu hutangulia, uigizaji hufuata, uongozaji huja mwisho. Wengi wanaokwama Ulaya wanakwama kwa sababu wamegeuza mpangilio huo. Wanafika wakijitambulisha kama waongozaji, wanapeleka barua kwenye majumba ya michezo wakiomba jukwaa na watu, na barua hazijibiwi. Kuongoza ni kazi ya kuaminiwa. Jumba linalokupa ukumbi, fundi wa taa, waigizaji watano na wiki sita za mazoezi limekukabidhi pesa nyingi sana, na haliwezi kumkabidhi mtu ambaye halijawahi kuona kazi yake. Andiko halidai gharama yoyote. Linadai msomaji mmoja tu.

Katanga yenyewe ina mifano. Pie Tshibanda alizaliwa Kolwezi mwaka 1951. Ni mwanasaikolojia, na alikuwa tayari anaandika wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 alikimbilia Ubelgiji. Kule shahada yake haikumpatia mara moja kazi aliyoisomea, lakini kalamu yake ilimpatia kazi: mwaka 1999 alitoa Un fou noir au pays des Blancs, habari za Mwafrika anayewatazama Wazungu katika nchi yao, akaicheza mwenyewe jukwaani, peke yake, kwa miaka mingi. Tazama jinsi kazi ile ilivyojengwa. Andiko ni lake, mwigizaji ni yeye, na hakuna mtu wa pili wa kuombewa viza wala kulipwa mshahara. Mchezo wa namna hiyo unaingia shuleni, parokiani, kwenye kituo cha utamaduni cha kijiji, popote penye viti na mwanga.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83 ilitoka mwaka 2014 na ikamfungulia milango mingi. Mwaka 2024 jumba la opera la Genève lilionyesha Justice, opera iliyoongozwa na Milo Rau, muziki wa Hèctor Parra, maneno ya Fiston Mwanza Mujila. Habari yake inatoka kwetu: lori la tindikali lililopata ajali Kabwe, upande wa Lualaba, mwaka 2019. Hakulazimika kuandika juu ya Austria ili Ulaya imsikilize. Nawe usiiache Katuba nyuma kwa kudhani kwamba hakuna atakayeielewa. Undani wa Katuba ndio utakaokutofautisha na waandishi mia wa Bruxelles ambao wamesoma shule moja.

Njia nyingine ni ya Faustin Linyekula. Alianza kazi yake ya dansi Nairobi, akarudi na kuanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, kisha akaihamishia Kisangani, na kutoka huko anazunguka dunia. Kwako maana yake ni hii: kikundi chako kisife siku unapopanda ndege. Mkabidhi mtu mmoja uongozi kwa maandishi, na mwachie mchezo mmoja ambao kikundi kinaruhusiwa kuucheza bila kukungoja.

Sasa Ubelgiji yenyewe. Milango ambayo Mkongo huisikia kwanza ni ile mikubwa ya Bruxelles: jumba la Théâtre National, jumba la Kiflemi la KVS, tamasha la Kunstenfestivaldesarts la kila mwezi wa tano. Nenda ukatazame michezo huko, ni shule nzuri sana, na KVS imekuwa na uhusiano wa miaka mingi na wasanii wa Kongo. Ila usianze kuomba kazi hapo. Kuna milango mingine isiyo na jina kubwa ambayo imekaa sawasawa na ujuzi wako.

Wa kwanza ni michezo kwa watoto na vijana. Upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa una sekta yenye nguvu sana ya michezo hii, na kila mwezi wa nane kunafanyika maonyesho mjini Huy, Rencontres Théâtre Jeune Public, ambako wapangaji wa ratiba wa vituo vya utamaduni wanakuja kuchagua. Mchezo unaofaa huko una dakika 45 hadi 60, mwigizaji mmoja au wawili, mandhari inayoingia ndani ya gari dogo na kusimamishwa kwa saa mbili au tatu. Katika shule unaweza kuucheza mara mbili kwa siku. Hadithi zetu za jioni, zile ambazo msimuliaji anaimba na watu wanamwitikia, zinakaa vizuri katika kipimo hicho. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mchezo wa watoto ni kazi nyepesi na kuuleta haujakomaa. Watoto wa miaka sita wakichoka hawapigi makofi ya heshima, wanaanza kuongea, na mpangaji wa ratiba aliyeketi nyuma anaona kila kitu.

Mlango wa pili ni théâtre-action. Haya ni makundi yanayotambuliwa na kusaidiwa na Fédération Wallonie-Bruxelles, serikali ya Wabelgiji wanaosema Kifaransa, na kazi yao ni kutunga michezo pamoja na watu wa kawaida: wafanyakazi, wasio na kazi, akina mama wa mtaa, wahamiaji. Wanakaa, wanazungumza, wanajaribu, mchezo unazaliwa polepole. Hapa wewe si mwanafunzi. Lubumbashi imefanya hivyo tangu zamani: kikundi cha Mufwankolo, ambacho mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikifuata mwaka 1986 wakati kinatunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, kilikuwa kinapanga mtiririko wa hadithi kwa mazungumzo, kisha kila mwigizaji anatafuta maneno yake wakati wa mazoezi. Kama kikundi chako kinafanya vile, andika njia hiyo hatua kwa hatua katika kurasa mbili: mnaanzaje, nani anashika mpango, maneno yanakomaa baada ya mazoezi mangapi, mnafanyaje mtu akikosekana. Kurasa hizo mbili zitakupa kazi ya warsha mapema kuliko orodha ndefu ya michezo uliyoongoza.

Wa tatu ni uchapishaji na rezidensi, yaani makazi ya muda ya kuandikia. Nyumba ya Lansman, iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 1989, inachapisha michezo ya kuigiza, na ilianza na andiko la Sony Labou Tansi. Waafrika wengi wamepita hapo. Limoges, Ufaransa, kuna tamasha la Francophonies tangu 1984, nayo nyumba yake ya waandishi inawapokea watu waje kuandika tangu 1988. Tangu 2014 kuna pia Prix RFI Théâtre, tuzo ya redio ya RFI kwa waandishi wa michezo ya Kifaransa. Mashindano haya yanapokea andiko kamili, hayapokei wazo. Kwa hiyo maliza andiko moja la Kifaransa kabla ya kusafiri, kurasa 40 hadi 60, lililosahihishwa na mtu anayejua Kifaransa cha kuandika na ambaye si rafiki wa kukusifu tu. Lubumbashi hamkosi watu hao. Kitivo cha Lettres (lugha na fasihi) cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kiko hapo hapo.

Miezi minane inatosha, lakini mwezi wa kwanza usiupoteze kwenye masanduku. Kazi kubwa ni kurekodi mchezo wako mmoja vizuri. Mpangaji wa ratiba hatakuja Lubumbashi. Atakachokiona ni vidio, na vidio nyingi zinazotoka kwetu zinaharibu michezo mizuri. Kamera inatembea ukumbini, inafuata anayesema, kwa hiyo anayetazama haoni umeipanga vipi nafasi ya jukwaa, na hicho ndicho kipaji cha mwongozaji ambacho mpangaji wa ratiba anakitafuta.

Fanya hivi. Weka kamera moja kwenye stendi, katikati ya ukumbi kwa nyuma, kwa kimo cha macho ya mwigizaji aliyesimama. Jukwaa zima lionekane, na nafasi kidogo juu ya vichwa. Usiiguse tena hadi mwisho. Zima marekebisho ya mwanga ya otomatiki: jukwaa likiwa na giza nyuma, kamera inajaribu kuliangaza giza lote, na nyuso zilizo chini ya taa zinageuka madoa yasiyo na macho wala mdomo. Mweke mwigizaji mahali penye mwanga mkali kuliko pote, rekebisha hadi uso wake uonekane vizuri, kisha funga hapo. Rekodi picha 25 kwa sekunde, kipimo cha kawaida cha Ulaya. HD ya 1080 inatosha. Dakika 90 zitachukua kama GB 15 hadi 20, basi kadi ya GB 64 inakuacha bila wasiwasi.

Sauti ndiyo inayoshinda watu. Maikrofoni ya kamera iko mita 15 kutoka jukwaani, kwa hiyo inasikia wakohoaji wa ukumbini kuliko waigizaji. Tafuta kinasa sauti kidogo, kiweke ukingoni mwa jukwaa juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtikisiko wa ubao chini ya miguu ya waigizaji usikifikie, kisha mtu apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Kofi hilo litawasaidia kuunganisha picha na sauti baadaye. Umeme wa SNEL mnaujua, hukatika. Chaji betri mbili za kamera, na kama taa zinategemea jenereta, iwekeni mbali, nyuma ya ukuta, la sivyo mngurumo wake utakuwa chini ya kila neno na hakuna programu itakayouondoa wote. Rekodini mara mbili: siku moja na watu, maana kicheko cha ukumbi wa Lubumbashi ni ushahidi, na siku nyingine bila watu, kamera ikiwa karibu, kwa ajili ya kipande kifupi cha dakika 3. Kipande hicho kianze na mchezo wenyewe sekunde ya kwanza. Majina na nembo ziende mwisho.

Dosie ya mchezo, yaani faili la kuutambulisha, iwe kurasa 8 hadi 12, PDF moja. Muhtasari nusu ukurasa, ukurasa mmoja au miwili wa kueleza kwa nini mchezo huu na unauongoza vipi, kipande cha andiko, kurasa tano, waigizaji, picha tatu nzuri, si ishirini, wasifu wako mistari kumi. Halafu karatasi ya ufundi, ambayo watu wetu huisahau au huiandika kwa matamanio. Hiyo ndiyo fundi wa ukumbi anaisoma kwanza. Ataka kujua upana na kina cha chini kabisa cha jukwaa (tuseme mita 6 kwa 5), kimo, taa ngapi na wapi, sauti inatoka wapi, kusimamisha mandhari kunachukua saa ngapi, watu wangapi wanasafiri. Andika matoleo mawili: moja la ukumbi wenye taa 12, lingine la darasa lenye plagi mbili. Toleo la pili litauza mchezo wako mara nyingi zaidi.

Ukicheza kwa Kiswahili, tayarisha maandishi ya Kifaransa ya kurushwa juu ya jukwaa. Kila slaidi mistari miwili, herufi zisizozidi 40 hivi kwa mstari, na ikae muda wa kusomeka. Saa moja ya mchezo wa maneno mengi huzaa mamia kadhaa ya slaidi, na anayezibonyeza lazima ajue Kiswahili na awe amehudhuria mazoezi. Hapa kuna tatizo ambalo ni letu hasa: waigizaji wa Lubumbashi wanajibizana na ukumbi, wanaongeza maneno kila siku. Slaidi hazina uwezo wa kufuata. Usiwanyang'anye uhuru huo. Weka alama katika andiko mahali penye uhuru, na kwa sehemu hizo tayarisha slaidi moja inayotoa maana kwa jumla. Mahali pengine pote maneno yabaki kama yalivyoandikwa.

Karatasi: kusanya sasa, kwa sababu viongozi wanabadilika na mihuri inapotea. Kila ukumbi uliokupokea, iwe Halle de l'Étoile, shule au parokia, ukupe hati yenye tarehe, jina la mchezo, kazi uliyofanya (kuandika, kuongoza, kucheza) na kama ulilipwa, kiasi gani. Weka mabango yenye mwaka, mikataba, makala za magazeti. Kama una shahada, chukua asili, alama za kila mwaka na programu ya masomo yenye idadi ya saa; kukosa hizi mbili za mwisho ndiko kunakochelewesha maombi ya ulinganisho wa shahada, na kuzitafuta ukiwa Bruxelles ni mateso. Uliza mapema uhalalishaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, maana hiyo hufanyika Kinshasa.

Ukifika, jiandikishe kwenye komine yako ndani ya siku 8 za kazi. Polisi wa mtaa atapita kuhakikisha unaishi hapo, kisha utapata kadi ya ukaazi. Soma kilichoandikwa juu yake kuhusu soko la ajira, na usisaini mkataba wowote wa jukwaa kabla hujaruhusiwa kufanya kazi.

Kuhusu fedha lazima nikueleze kwa kirefu, maana hapa ndipo wenzako wa Katuba wana sehemu ya ukweli: miaka miwili ya kwanza huenda kazi nyingine ikalipa kodi ya nyumba, na hiyo haikuondoi katika sanaa. Ubelgiji ilibadilisha sheria ya wasanii mwishoni mwa mwaka 2022. Tangu 2024 Commission du travail des arts inatoa hati ya kazi ya sanaa ya aina tatu: ya kawaida na ile ya "plus", za miaka 5 kila moja, na ya wanaoanza, ya miaka 3. Mwenye hati ya "plus" au ya wanaoanza anaweza kuomba posho ya kazi ya sanaa, yaani kipato kati ya mkataba mmoja na mwingine, akithibitisha siku 156 za kazi ndani ya miezi 24. Siku hizo zinaweza kuhesabiwa kwa malipo: jumla ya malipo kabla ya makato inagawanywa kwa kiasi cha siku moja, ambacho kwa sasa ni kama euro 80. Kwa hiyo siku 156 ni karibu euro 12,500 za malipo yaliyotangazwa rasmi katika miaka miwili. Usitegemee siku ulizofanya Lubumbashi katika hesabu hiyo. Ushahidi wa Lubumbashi unasaidia kuonyesha kwamba wewe ni msanii wa kazi.

Sasa utaelewa kwa nini euro 300 za mkononi baada ya onyesho la sherehe ni hasara. Unazila wiki hiyo, na hazihesabiwi popote. Omba mkataba, hata wa siku moja. Kama aliyekualika hajui kuajiri, kuna ushirika wa Smart, ulioanza Bruxelles mwaka 1998, ambao unabeba uajiri wa wasanii na kukata sehemu yake. Waulize masharti ya sasa kabla ya kukubali bei, kwa sababu kiasi anachotoa mwalikaji na kiasi kinachofika mfukoni mwako vimetengana sana: michango ya hifadhi ya jamii na kodi vinatoka humo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mchezo wako. Tuseme mwigizaji mmoja, pamoja na michango ya mwajiri, anagharimu euro 3,500 kwa mwezi, na mazoezi ni mwezi mmoja na nusu. Watu tisa ni euro 47,250 kabla ya kuuza tikiti moja. Watu watatu ni 15,750. Mtu mmoja, wewe mwenyewe, ni 5,250. Ndiyo maana nasema andika mchezo wa mtu mmoja, na uuandike hapa, uujaribu mbele ya watu wa komine za Kamalondo na Kenya hapa Lubumbashi, ambao watakuonyesha papo hapo wapi panachosha.

Jua pia kalenda yao. Msimu unaanza mwezi wa tisa hadi wa sita. Ratiba inatangazwa kama mwezi wa tano, na imefungwa miezi 12 hadi 18 kabla. Ukifika mwezi wa kwanza na kuomba tarehe ya mwezi wa nne, hata anayekupenda hana nafasi. Kazi zinazopatikana katikati ni warsha, shule, na usomaji wa jukwaani: waigizaji watatu au wanne wenye karatasi mkononi, siku mbili za mazoezi, saa moja mbele ya watu. Usomaji huo ndio mwanzo wako wa kuongoza. Mkurugenzi wa ukumbi anaona jinsi unavyopanga watu na unavyosikia andiko, na gharama yake ni ndogo. Baada yake omba kuwa msaidizi wa mwongozaji katika kazi ya mwingine, hata mara moja, ujifunze jinsi mafundi wa kule wanavyofanya kazi. Saa zao zinaheshimiwa kikamilifu. Mazoezi yanayoendelea hadi usiku kwa sababu "tumepata moto" yanagharimu pesa na yanakuharibia jina.

Uigizaji nimeupitia haraka kwa sababu utakuja wenyewe, na mwanzoni utakuja na sura moja: mama mhamiaji, mfanya usafi, mama anayelia. Una haki ya kukubali na una haki ya kukataa. Mimi ningekubali pale ambapo mhusika ana jina na ana jambo analolitaka. Usiifukuze lafudhi yako. Rekebisha tu yale yanayofanya Mbelgiji apoteze neno: sauti ya u ya Kifaransa ambayo kwetu inageuka i, hata sur ikasikika kama sire, na eu inayogeuka e. Dakika 15 kwa siku, ukisoma kwa sauti na kujirekodi, zinatosha kuleta mabadiliko ndani ya miezi michache. Kwa majaribio ya kuigiza uwe na vipande viwili vya dakika 2, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha Kiswahili. Cha Kiswahili wataomba, kwa sababu hapo ndipo mwili wako unaposema kweli.

Tumebakiza mchezo mkubwa wa watu tisa. Jibu fupi: bila makubaliano, huna haki ya kwenda nao kama wako peke yako. Kongo inaongozwa na ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za waandishi, na chama kinachosimamia haki hizo ni SOCODA. Kongo na Ubelgiji zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi, kwa hiyo haki ya mtunzi wa Katuba inalindwa Bruxelles bila kuandikishwa. Na mtunzi si yule tu aliyeshika kalamu. Mwigizaji aliyezua mazungumzo wakati wa mazoezi, na mazungumzo hayo yakabaki kila onyesho, ametunga. Aliyetunga wimbo ametunga.

Itisheni mkutano, wote tisa, mapema, wakati bado hakuna pesa ya kugombania. Pitieni mchezo onyesho kwa onyesho na kusema nani alileta nini. Kisha andikeni kurasa mbili: jina la mchezo, tarehe na mahali pa onyesho la kwanza, majina yote, sehemu ya kila mmoja kwa asilimia hadi jumla iwe 100, nani anaruhusiwa kuuongoza na wapi, nani anaweza kuutafsiri au kuupunguza kuwa wa watu watatu, ruhusa inadumu miaka mingapi (mitatu inatosha kuanza), na pesa itatumwa kwa njia gani. Someni kwa sauti kwa Kiswahili ili asiyesoma Kifaransa vizuri asije akasema alidanganywa. Kila mmoja asaini kila ukurasa na kubaki na nakala. Ukiwa Ubelgiji utaitumia karatasi hiyo hiyo kuutangaza mchezo kwa SACD, chama cha waandishi wa jukwaa chenye ofisi Bruxelles. Waulize kabla ya onyesho la kwanza namna ya kulipa sehemu za wale ambao si wanachama wao. Nyimbo mlizozichukua redioni zitoe, uweke za kikundi, la sivyo ukumbi utalazimika kushughulika na SABAM, chama cha Ubelgiji cha haki za muziki, na unaweza kukuachia wewe gharama.

Na hakikisha jina. Kongo tuna jina, jina la pili na la ubatizo; Ubelgiji huunganisha mawili ya kwanza kuwa jina la ukoo. Kama pasipoti imeandika kwa namna moja, shahada kwa namna nyingine na mabango kwa jina la jukwaani, msimamizi wa dosie ataona watu watatu. Linganisha herufi kwa herufi, rekebisha makosa ya état civil (daftari la vizazi na ndoa) ukiwa bado Lubumbashi, na katika kila hati unayoomba kwenye kumbi liandikwe jina la pasipoti kwanza, kisha la jukwaani.